Saa Moja ya Waya wa Kwanza

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniandikia kwenye simu: "Bibi nimekumisi." Nikacheka peke yangu jikoni mpaka miwani ikateleza. Yeye alitaka kusema kwamba ana hamu na mimi. Lakini mimi nimekulia Kariakoo, mtoto wa mwenye lori, na enzi zetu kumisi ilikuwa kazi ya injini mbovu. Pistoni sita zinapiga kwa zamu, moja inaruka zamu yake, gari zima linatetemeka. Hapo ndipo watu walisema linamisi. Mtu hakumisiwa.

Basi niliposoma ule ujumbe, mjukuu mwenyewe sikumfikiria. Nilisikia pu-pu-pu-pu, kimya, pu, chini ya dirisha letu. Nikaona mgongo wa baba umeinama ndani ya boneti, na pembeni yake dada wa Moshi amemshikia spana. Na wivu, ndugu yangu, ukaniamkia kifuani mzima kabisa, kana kwamba haukuzeeka hata siku moja.

Tulikaa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, mtaa mmoja kabla ya kufika Msimbazi. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vyetu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa pwani, mjane, mwenye mdomo mtamu na mkali kwa pamoja, ambaye alikaanga vitumbua uani kila alfajiri. Mimi nilimsaidia kabla ya kwenda shule. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki na mafuta ya nazi yaliyopata moto, miguu yangu inataka kukaa kwenye kibao chake cha mbuzi.

Sisi tulikuwa watu wa Kilimanjaro, kwa hiyo mtaa mzima, hata watoto, ulimwita baba Mangi, kama machifu wa huko. Lori lake lilikuwa la zamani, la pua ndefu, rangi ya kijani iliyopauka ikawa kama majani ya mgomba yaliyokauka. Lililala mbele ya baraza letu na lilibeba chochote: nazi, mkaa, mbao, magunia ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Jumapili alasiri halikwenda popote, maana siku hizo magari yalikatazwa kutembea baada ya mchana ili kubana mafuta. Unakumbuka ule ukimya? Watoto walicheza rede katikati ya lami, na ungeweza kusikia redio ya jirani wa nyumba ya nne. Baba alingoja ukimya huo wiki nzima. Alitandika gunia barazani, akapanga spana zake, akaanza kulishughulikia lori.

Mwenye nyumba alimwambia mama, "Mke mwenzio leo kaamka anakohoa."

"Mwache akohoe," mama alijibu. "Mimi nikikohoa nani ananifungua boneti?"

Walicheka, lakini mama hakuwa anatania sana. Baba alisafisha plagi kwa mswaki na petroli, moja moja, akizipuliza na kuzitazama mbele ya jua. Mama alisimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni akasema, "Meno ya wanao hujayakagua tangu Pasaka, lori unalipigisha mswaki."

Miaka ile vitu vilikuwa haba. Sukari ilikuwa na foleni, sabuni ilikuwa na foleni, na vipuri havikuwa hata na foleni. Ukitaka plagi mpya unaambiwa labda mwezi ujao, labda Nairobi, labda ndotoni. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu alijifunza kuuliza injini yake maswali, pole pole, bila kununua kitu.

Mimi nilikuwa darasa la sita na nilikuwa mtoto wa haya. Nikiulizwa jina na mgeni nilitazama vidole vya miguu. Mwalimu akinisimamisha, darasa zima lilijua kwamba sitasema, walikuwa wanasubiri tu nikae chini. Lakini barazani kwetu, Jumapili, haya zangu hazikumsumbua mtu. Nilikaa karibu na gunia la baba, nikashika kopo la plagi, na baba akaongea na injini huku mimi nikisikiliza. Hatukuwa na haja ya maneno. Nilidhani mahali pale ni pangu.

Ndipo akaja dada wa Moshi.

Alikuwa binti wa baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na mama alipojifungua aliletwa amsaidie kulea. Alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi kichwani, akamwamkia kila mtu shikamoo mpaka mwisho wa ukumbi, na kabla jua halijazama alikuwa anajua majina ya watoto wote wa mtaa ambayo mimi nilichukua miaka kuyajua. Alikuwa na kicheko cha kufungua mdomo wote. Mwenye nyumba alimpenda siku ya kwanza. "Huyu ana nuru," alisema, kisha akanitazama mimi, akaongeza kwa huruma, "na huyu ana utulivu."

Wakati huo utingo wa baba alikuwa amerudi kwao kulima. Jumapili moja baba aliita, "Njoo mmoja wenu anishikie hapa!" Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Dada alitoka uani mbio, akipangusa mikono kwenye khanga. "Niko hapa, baba mdogo." Akashika. Akauliza, "Hii ni nini? Na hii inafanya nini?" Baba akamjibu. Akamjibu tena. Sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na majibu mengi hivyo, kwa sababu mimi sikuwahi kuuliza.

Tangu siku hiyo nilishika kopo la plagi nikiwa nyuma yao.

Lori lilianza kumisi vibaya mwanzoni mwa masika. Asubuhi zenye unyevu lilikuwa baya zaidi. Likipanda mwinuko wa daraja lilirudi nyuma. Jirani aliyekuwa na baiskeli ya kubebea mikate alilipita akapiga kengele. "Mangi, nikuvute?"

Na wakati huo huo ikaja bahati. Maduka ya ushirika yalitaka lori la kubeba mizigo kutoka bandarini kila wiki, kazi ya kudumu. Karani wao alikuja hadi barazani, akanywa chai, akasema, "Ndugu, Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi lori liwe kwenye geti, likiwa zima. Lisipofika, kuna mwenzako anangoja." Baba alipomsindikiza alirudi anatembea upesi. Akamwambia dada mbele yetu sote, "Tukiipata hii kazi, wewe ndiye utingo wangu. Na mwaka ukiisha nitakufundisha kuendesha. Siku hizi wanawake wanaendesha hata matrekta." Dada alipiga kigelegele. Mimi nilikwenda uani kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Kesho yake, alfajiri, nilikuwa nakaanga vitumbua na dada amekaa karibu yangu anamnywesha mtoto uji. Chuma cha vitumbua cha mwenye nyumba kilikuwa na vishimo saba, na mkaa ukifa upande mmoja, kishimo cha upande huo hakiivi. Sisi tulikipima kwa maji: unachovya vidole, unarushia tone kila kishimo. Kinacholia tss kina moto. Kinachonyamaza kimepoa. Nilimwonyesha dada. Kwake sikuona haya sana, hasa gizani. Nikamwambia, "Hata lori la baba ningelifanyia hivi. Yale mabomba sita yanayotoa moshi kwenye injini, ningeyarushia maji. Lile lisilolia ndilo la pistoni inayomisi." Dada akanitazama. "Wewe! Umewazaje hivyo?"

Jioni hiyo baba alikuwa anachomoa waya mmoja mmoja wa plagi injini ikiwa inanguruma, akisikiliza. Ukichomoa waya wa pistoni nzima, mlio unazidi kuharibika. Ukichomoa wa pistoni iliyokufa, haubadiliki. Lakini injini ilikuwa inatetemeka mno, na umeme ukamrusha mkono mara mbili. Ndipo dada akasema, "Baba mdogo, turushie maji mabomba."

Alileta kikombe. Tss. Tss. Tss. Bomba la nne, maji yakatiririka tu. Tss. Tss.

Baba alisimama wima, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, akampiga dada begani. "Huyu ndiye mwanangu!"

Dada alisema kitu. Alisema, "Si mimi, baba mdogo, ni mdogo wangu ndiye aliyewaza." Nakumbuka sasa kwamba alisema, tena kwa sauti. Lakini baba alicheka zaidi, akadhani ni adabu ya Kichaga ya kutojisifu. "Huyu? Huyu akisema neno zima kwa siku namchinjia kuku." Na mimi, badala ya kushika kwamba dada amenitaja, nilishika lile la kwanza tu. Huyu ndiye mwanangu. Nililala nalo wiki nzima.

Kuanzia hapo waliifuata pistoni ya nne hatua kwa hatua. Walihamisha plagi ya nne wakaiweka ya tatu. Ubovu haukuhama, kwa hiyo plagi ilikuwa salama. Walihamisha waya, ubovu ukabaki pale pale. Ikabaki kofia. Ni kidude cheusi, kigumu, mfano wa kikombe kilichopinduliwa, chenye vichwa sita kuzunguka duara na kimoja katikati. Umeme unaingia katikati na kugawiwa kwa zamu kwenye nyaya sita. Dada akaigeuza juani akaona ufa, mwembamba kama unywele, kwenye kichwa cha nne. Umeme ulikuwa unavujia hapo. Baba aliukwangua kwa wembe, akaupaka nta ya mshumaa. Ukashika siku mbili, kisha mvua ikanyesha.

Kofia nyingine ilipatikana Gerezani, kwenye lori lililokufa ambalo watu walikuwa wanalila taratibu, leo mlango, kesho taa. Mwenye lori hilo alitaka mche mzima wa sabuni. Mama alikuwa na mmoja, ameufungia sandukuni. Alipoutoa alingoja mpaka baba alipofika mlangoni. "Basi nguo za mtoto nitazifua kwa kofia ya lori," alisema.

Jumapili tulirudi ibadani, tukala haraka, na mtaa ulipotulia baba akafungua boneti. Aliamua kuvua nyaya zote, azipanguse kwa petroli na kuzikausha juani, kisha azifunge kwenye kofia mpya. Kofia mpya haikuwa na alama yoyote. Baba hakuwa na wasiwasi, kwa sababu mpangilio aliujua kwa kichwa kama jedwali la hesabu: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Alihitaji kujua kitu kimoja tu, waya wa kwanza unakaa wapi. Ukishajua hapo, nyingine zinafuata kwa kuzunguka.

"Andika," alimwambia dada. "Waya wa kwanza uko wapi?"

Dada alikuwa amesimama upande wa taa ya kushoto. Aliitazama ile duara. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya bampa na kopo langu, naiona vizuri. Waya wa kwanza ulikuwa chini, umeegemea kushoto kidogo. Dada aliwaza, akachukua kipande cha karatasi ya sigara, akaandika kwa penseli: "Waya wa 1, saa moja." Nikaelewa mara moja. Aliifananisha kofia na uso wa saa, na mshale mfupi ukielekea pale chini, sisi sote tunasema saa moja. Ni pale palipoandikwa saba, lakini nani anasema saa saba jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza?

Nyaya zikavuliwa. Mtoto akalia ndani, mama akamwita dada. Baba akafunga kofia mpya, akachukua ile karatasi, akasimama pale pale kwenye taa ya kushoto. "Saa moja," akasoma.

Sasa lazima nikueleze kuhusu baba. Ujanani alifanya kazi bandarini chini ya wasimamizi wa Kizungu, na huko walizoea kuelekezana kwa uso wa saa kama ulivyochorwa, bila habari ya jua wala asubuhi: kamba iko kwenye tatu, ndoano iko kwenye kumi na mbili. Akiulizwa ni saa ngapi alijibu Kiswahili kama wewe na mimi. Lakini akielekeza mahali, mkono wake ulifuata namba. Kidole chake kikaenda juu, kulia kidogo, pale palipoandikwa moja kwenye saa ya ukutani. "Saa moja. Hapa." Akachomeka waya wa kwanza.

Mkabala kabisa na pale ulipotakiwa kuwa.

Nimeishi na haya maisha yangu yote, nazijua zilivyo. Zinaanzia tumboni, zinapanda, koo linakauka, na neno linapotea hata ukilitafuta. Siku ile haikuwa hivyo. Neno lilikuwepo mdomoni, jepesi kabisa: baba, siyo hapo, ni chini. Koo halikukauka. Tulikuwa wawili tu, na baba hakuwahi kunitisha. Nilimtazama akizungusha nyaya, moja, tano, tatu, na nikawaza: acha aone kwamba hajui kila kitu, huyo mwanawe. Nikafunga mdomo kwa makusudi, na nikasikia raha.

Baba alipanda, akapiga stata. Injini ikajizungusha, haikushika. Akashuka kutazama, akamwita jirani wa mikate apige stata yeye. Majirani wakaanza kusogea, maana Jumapili hakukuwa na jambo jingine la kutazama. Stata ikalia, kisha mlio ukapasuka kama fataki, na moto ukaruka kutoka kwenye kabureta, ukamlamba baba mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mama alipiga kelele. Mwenye nyumba alikuja na unga wa ngano, akaumwaga juu ya mkono. Watoto walicheka kwa woga. Baba alirarua nyaya zote kwa hasira akazitupa kwenye gunia, na dada alipotokea mlangoni na mtoto begani, alimgeukia.

"Uliandika nini wewe?"

"Saa moja, baba mdogo."

"Uliona vizuri?"

"Niliona. Ulikuwa saa moja."

"Nimeweka saa moja!"

"Basi ni hapo, baba mdogo, saa moja."

Ndugu yangu, walikuwa wanasema neno lile lile wakitazamana usoni, kila mmoja na saa yake kichwani, na hakuna aliyeinua kidole kuonyesha. Nyaya zilikuwa chini, dada hakuona zilivyofungwa. Nilikuwa katikati yao, bado juu ya bampa.

"Mangi," jirani mmoja alisema, "lori la kuendeshwa na mabinti litaacha kulipuka?" Watu wakacheka. Nadhani kicheko hicho kilimuuma baba kuliko moto.

"Mjinga mimi niliyekupa penseli," alimwambia dada. "Na mjinga wewe uliyeipokea. Nenda ndani, kalee mtoto."

Dada alitazama huku na huku, akanitazama na mimi. Niliangalia vidole vyangu vya miguu, kama kawaida yangu.

Baba alijaribu kufunga waya wa kwanza sehemu mbili nyingine, kwa kubahatisha, mpaka betri ikaisha nguvu. Jumatatu saa mbili lori lilikuwa barazani. Karani hakuja hata kuuliza. Jumanne dada alimwambia mama kwamba amekumbuka nyumbani, na baba, mkono umefungwa kitambaa, hakumzuia. Alimsindikiza mpaka kwenye basi. Mimi niliaga mlangoni. Dada alinibusu kichwani akasema, "Wewe endelea kuwaza hivyo hivyo, usiache."

Alhamisi akaja fundi kutoka Gerezani, mzee mwembamba aliyedaiwa na baba fadhila fulani ya zamani. Aliinama, akazungusha injini kwa mkono, akaweka kidole hapa na pale, akasema, "Mangi, umekosea. Waya wa kwanza unakaa huku chini."

"Mara ya kwanza nilifunga kama ilivyoandikwa, hapa juu," baba alisema, akamtolea ile karatasi mfukoni.

Fundi aliisoma akacheka mpaka akakohoa. "Lakini aliyeandika kaandika sawa! Saa moja ndiyo hii hapa. Jua linachomoza, mshale uko wapi? Wewe umekwenda kuweka saa saba ya mchana."

Dakika ishirini baadaye, kwa kusukumwa na majirani, lori lilinguruma pistoni zote sita, laini, bila kuruka hata moja. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia mtaani kwetu, na hakuna aliyeifurahia. Baba aliketi barazani. Alikaa na ile karatasi muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi na kopo langu, na nilijua anakumbuka nilikuwa wapi siku ile.

"Na wewe ulikuwepo," alisema taratibu. "Uliona."

Nikazungusha kopo mkononi. Akatikisa kichwa, akamwambia mama kwa sauti ya huruma, "Masikini huyu. Hata angeona, angewezaje kusema? Haya zake hizi." Akaniwekea mkono kichwani, ule uliofungwa kitambaa.

Nilimwacha aamini hivyo. Nilisamehewa kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya likabaki kwangu.

Wiki iliyofuata alinipandisha mbele, kwenye kiti cha utingo. Tulikwenda Kivukoni kuchukua barafu, na baba alinionyesha gia, akanieleza, na mimi nikatazama nje. Kazi ya ushirika alipewa mwingine. Baba alimtumia dada doti ya khanga kwa mkono wa msafiri wa Moshi, bila barua. Hakuwa mtu wa kusema nimekosa. Mwaka ulipoisha aliliuza lori, na mnunuzi akalikata vipande.

Miaka mingi baadaye tulimzika baba kwao, kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Siku ya pili ya msiba niliwekwa pamoja na dada wa Moshi kumenya ndizi, sisi wawili na beseni katikati. Alikuwa amenenepa, ana wajukuu, na kicheko chake kilikuwa bado kile kile. Tulimzungumzia baba. Akasema, "Mimi nilimharibia riziki yake, masikini. Tangu lile lori la Kariakoo sijagusa hata usukani wa baiskeli. Mwanangu alinunua pikapu, akaniambia mama kaa mbele. Nikamwambia mimi nakaa nyuma, na magunia." Akacheka.

Nikasema, "Dada, uliandika sawa."

"Niliandika nini?"

"Saa moja. Ilikuwa sawa. Fundi alikuja Alhamisi ile ile, akasema hivyo. Baba ndiye aliyeweka kwenye namba moja, yaani saa saba."

Kisu chake kikasimama. "Baba mdogo alijua?"

"Alijua."

"Kumbe ndiyo zile khanga." Akafikiri. "Na wewe ulijua lini?"

"Kabla ya fundi. Pale pale, alipoweka kidole."

Alinitazama. Uani watu walikuwa wanapanga viti, mtu akaangusha sufuria, mwingine akamtania. Dada akarudisha macho kwenye ndizi aliyoishika, akasema, wala si kwangu, "Basi sikuwa mjinga." Akaendelea kumenya. Baada ya kidogo akaniambia nisogeze beseni.

Nilisubiri aniulize kwa nini. Nilisubiri mpaka mkungu ukaisha, na mwingine ukaletwa, nao ukaisha. Hakuuliza, wala simu zote alizonipigia baadaye hakuuliza.

Nyumba yetu ile leo ni ghorofa saba za maduka. Pale lori lilipolala wanauza vifuniko vya simu. Mwenye nyumba na vitumbua vyake hayupo, fundi hayupo, na Jumapili Kariakoo hainyamazi tena hata dakika moja. Mafundi wa sasa wanachomeka mashine ndogo, inawaambia pistoni ipi inamisi, hakuna anayerusha maji. Dada wa Moshi tulimzika mwaka juzi. Kama angeniuliza, ningemwambia ukweli. Ni wivu, dada. Baba aliita mtu wa kumshikia, mimi nilikuwa karibu zaidi, na ukafika wewe.